Uso Wangu Katika Wodi ya Wazazi

Poleni kwa kungoja. Juma lililopita mliniacha ndani ya gari, nje ya ukumbi wa chama, nimebwagwa kwenye kura za maoni na mtu aliyewahi kuwa muuzaji wa duka langu. Dereva aliniuliza, "Twende wapi, bosi?"

Kwa msomaji anayeingia leo, mimi ndiye yule mtu wa magodoro. Kiwanda nilikianza na mke wangu kwenye banda la mabati, mimi nikikata sponji kwa kisu cha jikoni, yeye akishona vifuniko kwa cherehani ya kukodi. Mungu akatufungulia. Wafanyakazi wanamwita mke wangu Mama Cherehani. Mimi mbele yangu wananiita Mkurugenzi, nikishapita wananiita Bwana Godoro.

Balaa lilianza siku kiwanda kilipoweza kujiendesha chenyewe. Nafika ofisini asubuhi, kila mtu ana kazi isipokuwa mimi. Nikaingia kwenye siasa kama mtu anayeingia dukani kukwepa mvua.

Baada ya kushindwa nikafa ganzi. Ukiwahi kung'olewa jino unaijua hali hiyo. Mdomo upo, unaugusa, lakini ni kama wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikula kwa sababu sahani iliwekwa mbele yangu. Watu wakicheka, nacheka. Mke wangu akiniuliza jambo, nasema sawa.

Kitu kimoja tu nilikuwa bado nakitaka, au labda nilikuwa nakumbuka tu kwamba nakitaka. Uchaguzi mwingine ulikuwa umekaribia, na safari hii mgombea angeteuliwa na wazee wa chama: nilitaka wanipitishe, nisimame jukwaani mbele ya watu wale wale walionizomea.

Nilikuwa na mpiga debe wangu, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni, mji mzima unamwita Mbiu. Ana sauti ya kuamsha wafu na ulimi wa kuwauzia sanda.

"Bosi," akaniambia, "wazee wa chama wamechoka na maneno. Wanataka kuuona moyo wako. Toa kitu."

"Nitoe nini?"

"Una nini?"

"Magodoro."

"Basi toa magodoro. Peleka hospitali, wodi ya wazazi. Kila mpiga kura ana mama, bosi. Ukimgusa mama umewagusa wote."

Nikasema sawa.

Ugomvi ulianzia kwenye chumba cha kushonea. Mke wangu alikuwa ameshatandaza plastiki nene juu ya meza, ile ya kijani, anapima kwa tepu. Mbiu akaingia na kitambaa cheupe begani. Kitambaa kimechapwa uso wangu, mkubwa kama sinia, ninatabasamu. Chini yake maneno: *Lala salama, mama.*

Mke wangu akakitazama. Akanitazama mimi.

"Hiki ni cha nini?"

"Ndicho kifuniko, mama," Mbiu akajibu.

"Godoro la hospitali halivalishwi kitambaa. Linavaa plastiki. Mtu akitoka linapanguswa na dawa, mwingine analala. Kitambaa kinakunywa kila kitu."

"Plastiki tumeijaribu. Picha inabanduka. Ukipangusa mara mbili tu, bosi hana pua."

"Kwani ni lazima pua yake iwepo?"

Mafundi wakainamisha vichwa kwenye cherehani zao. Mabega yanawacheza kwa kicheko.

"Na huku nyuma?" mke wangu akauliza.

"Nyuma pia yupo," Mbiu akasema kwa fahari. "Wakiligeuza, asipotee."

Mke wangu akaniendea karibu, akashusha sauti. "Baba watoto, wewe kazi hii unaijua. Wewe mwenyewe ulinifundisha kuangalia mshono usivujishe. Leo umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilijua kabisa kwamba yeye ndiye mwenye haki. Nilijua tu, basi, kama unavyojua kwamba nje kuna jua.

"Weka kitambaa," nikasema.

Akavua tepu shingoni, akaitundika kwenye msumari.

"Sawa, Mkurugenzi."

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniita hivyo. Mbiu alikuwa tayari anapiga simu kuita wapiga picha.

Siku ya kukabidhi, wodi ilipigwa deki mpaka ikateleza. Wazee wa chama walikaa mstari wa mbele, Mwenyekiti wao katikati na fimbo yake. Magodoro yalikuwa vitandani, bado yamo ndani ya nailoni.

Msimamizi wa wodi, mwanamke mpana asiye na mchezo, alipapasa godoro moja akakunja uso.

"Mheshimiwa mtarajiwa, haya yanafuliwaje?"

"Swali zuri sana, sista," Mbiu akadakia. "Tutalijibu baada ya hotuba."

Kisha akapiga makofi, nailoni zikachanwa. Wodi nzima ikajaa mimi. Nilijiona kila kitanda, nikitabasamu dirishani, nikitabasamu mlangoni, nikitabasamu chini ya dripu.

Nikaanza kuhutubia. Nilikuwa nimefika mahali pa kusema mama ni nguzo, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia mwanamke mwenye uchungu, anashikiliwa na shangazi yake, wote wawili wametota jasho.

"Pisheni!" sista akafoka. "Hotuba haizuii mtoto!"

Kitanda kilichokuwa karibu ni kile nilichosimama kando yake. Mwanamke akakaa. Hakuwa amekaa vizuri, chupa ya uzazi ikapasuka. Maji yakauingia uso wangu kuanzia paji mpaka kidevu, na kitambaa kikayanywa yote kama alivyosema mwenye kujua.

Yule mwanamke akatazama chini, akaona amekalia nini. Akanishika mkono, maskini, katikati ya uchungu wake.

"Baba, nisamehe. Nimekulowesha."

"Usimwombe msamaha," shangazi yake akamkata. "Wewe ndiye uliyemweka hapo?"

Wodi ikaangua kicheko. Wauguzi walicheka, wajawazito wakacheka huku wameshika matumbo, Mwenyekiti wa chama akaficha uso kwenye kiganja. Yule mwanamke mwenyewe akacheka, mpaka uchungu ulipomrudia akageuza kicheko kuwa ukelele.

Mimi nilitabasamu, kwa kuwa kamera zilikuwa zinanitazama. Aibu niliijua ipo mahali fulani, ila haikufika kwangu.

Mtoto alizaliwa nyuma ya pazia kabla watu hawajatawanyika. Wa kiume. Mbiu, asiyekata tamaa hata akizikwa, akamwendea shangazi.

"Mama, mtoto huyu mngempa jina la mfadhili."

Shangazi akampima kwa macho kutoka juu hadi chini. "Tumwite Godoro?"

Kufikia jioni nilikuwa kwenye kila simu mjini. Watoto wa shule walinipungia mkono wakiimba, "Nisamehe baba, nimekulowesha!" Mpinzani wangu wa kura za maoni, yule wa duka, akasimama kwenye mkutano wake akasema, "Wenzake wanamwaga sera, yeye anamwagiwa." Watu wakagaragara.

"Si kitu, bosi," Mbiu akasema. "Wanakutaja. Anayetajwa hajafa."

Juma halijaisha, sista akanipigia simu.

"Baba, njoo uuchukue uso wako. Wodi inanuka."

Nikaenda. Walikuwa wameyatoa magodoro nje na kuyaegemeza kwenye uzio wa hospitali yakauke. Nilikuwa nimepangwa kando ya barabara, kila mmoja na doa lake. Mmoja jicho limeondoka. Mwingine ana madoa ya kahawia kuanzia puani, siwaambii ya nini. Nzi hawakuwa na habari na cheo changu.

Nilishuka garini nikasimama kutazama. Bwana mmoja mwenye baiskeli akasimama kando yangu, akavua kofia kwa heshima.

"Samahani, ndugu. Huyu marehemu alikuwa nani?"

"Alikuwa mtu wa magodoro," nikamjibu.

"Loo. Na inaonekana walimpenda."

Akavaa kofia yake, akaendelea na safari.

Hapo ndugu msomaji, mtu mwenye damu mwilini angelia au angecheka. Mimi nilirudi garini nikafunga mkanda.

Siku mbili baadaye sikumkuta mke wangu nyumbani. Kiwandani chumba cha kushonea kilikuwa nusu tupu, cherehani zimeacha alama za miguu yake sakafuni. "Mama kaondoka na mafundi na lori," mlinzi akaniambia. "Kasema ukiuliza, uambiwe. Usipouliza, tunyamaze."

Nilimkuta hospitali, upande wa nyuma, kwenye baraza ya wodi ya wazazi. Amevua viatu, amekaa kwenye cherehani, mafundi wamemzunguka. Plastiki ya kijani imejaa baraza nzima. Magodoro mapya yalikuwa yametoka kiwandani, sponji safi. Na yale yangu, yaliyoweza kuokolewa, yalikuwa yameoshwa, yamekaushwa, na yalikuwa yanaingizwa kwenye mifuko ya plastiki moja baada ya jingine.

"Unafanya nini?" nikauliza.

"Nakufunika, baba watoto. Shika upande ule."

Nikashika. Kulivalisha godoro plastiki kunataka watu wawili, mmoja akiminya sponji, mwingine akivuta. Tuliminya na kuvuta kama siku za banda la mabati. Kifuani kwangu kitu kikaanza kujisogeza kidogo. Sikukijua ni kitu gani. Nadhani ilikuwa furaha.

Simu ikalia. Mbiu. Nikaachia upande wangu nikaenda kupokea.

Niliporudi, sista alikuwa ameshika mahali pangu, na godoro limeshavaa.

Mke wangu alikaa pale siku kadhaa. Wanawake walimletea watoto awaone, na maneno pia. Bomba la bafuni halitoi maji, akamwita fundi bomba wa kiwandani. Taa ya chumba cha kujifungulia inazimika mtoto akiwa njiani, akamwita fundi umeme. Hakuna mpiga picha aliyeitwa. Mimi nilikuwa kwa Mbiu, tunapanga namna ya kuwalainisha wazee wa chama.

Siku ya Jumamosi wakaja wenyewe.

Mwenyekiti na wazee wawili, wamevaa rasmi, fimbo imepakwa rangi upya. Mbiu aliniambia asubuhi, "Bosi, wazee hawaendi nyumbani kwa mtu kumpa habari mbaya. Habari mbaya hutumwa kwa simu." Akawaweka waimbaji wake nje ya geti wasubiri ishara. Mimi nikavaa suti.

Mwenyekiti alianza mbali, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Nyumba hii ina neema."

"Tunashukuru Mungu."

"Mvua nayo imekawia."

"Imekawia, mzee wangu."

"Tumekuja na ombi, na ombi letu lina haya. Tunachokitaka kimo humu ndani, na mwenyewe ni wewe. Tumeona tusikichukue kwa mlango wa uani."

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. "Wazee wangu, msihangaike. Mimi ni wenu tangu zamani."

Mwenyekiti akakohoa. Wenzake wakaangalia zulia.

"Kaa, mzee mwenzangu. Hatujafika huko, na huko hatuendi."

Nikakaa.

"Wanawake wa wodi ile walikuja ofisini kwetu na watoto mgongoni," akaendelea. "Tukasema wamekuja kulalamika. Kumbe wamekuja kudai mgombea. Wanamtaka Mama Cherehani. Tukacheka. Kesho yake wakarudi, na mama zao, na waume zao. Hatucheki tena."

Nje ya geti mwimbaji mmoja alikuwa anajaribu sauti yake, jina langu likapanda na kushuka.

"Mke wa mtu hatuwezi kumpandisha jukwaani bila mwenyewe kutupa neno," Mwenyekiti akamalizia. "Ndilo lililotuleta."

"Yeye anasemaje?"

"Muulize. Yuko nyuma yako."

Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, nyuzi za kijani zimemganda kwenye gauni. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi.

"Nimewaambia sitasema ndiyo kabla yako," akasema. "Si kwa sababu wewe ni mwenye nyumba. Ni kwa sababu najua ulivyoitaka hii kitu. Ukisema hapana, narudi kwenye cherehani yangu, na hutasikia neno kutoka kwangu, leo wala uzeeni."

"Na wewe unataka?"

Akafikiri. "Nataka. Sikujua kama ningetaka, lakini nataka sana."

Kisha akasogea mbele, akasema polepole, wazee wote wanasikia. "Ila nakuomba, usiseme sawa kama unavyosema sawa siku hizi. Sema ukimaanisha, baba watoto. Kama humaanishi, bora uniambie hapana."

Nikamwona Mbiu kwenye pazia la jikoni, ananikonyeza kwa macho yote mawili.

"Naomba dakika moja, wazee wangu."

Jikoni Mbiu akanishika koti. "Kikulacho ki nguoni mwako, bosi! Lakini usihuzunike, mimi nimeshakesha kwa ajili yako. Watu wa chama cha pili wako mlango wa nyuma. Tiketi wanakupa leo hii, bila kura za maoni. Wanataka jibu lako kabla hawa hawajaondoka."

"Nitapambana na nani?"

"Na yeyote atakayesimamishwa na hawa."

"Huyo ni mke wangu, Mbiu."

"Ni mgombea, bosi. Siasa haina kitanda." Akanikaribia zaidi. "Utasimama jukwaani. Si ndicho ulichokitaka?"

Nilirudi sebuleni. Nilipokuwa natembea nilikuwa naitafuta hasira, sikuiona. Nikatafuta wivu, wala. Nikamwangalia mke wangu na nyuzi zake, nikajua kwamba anastahili, na kujua huko pia kulikuwa kama kule kujua kwamba nje kuna jua.

"Nimekubali, mama," nikamwambia. "Na namaanisha."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Naijua sauti hiyo. Ndiyo niliyouzia magodoro maisha yangu yote.

Mke wangu akaniamini. Alinijia mbele ya wazee, akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtiririka bila haya. "Umerudi," akasema. "Mungu wangu, mume wangu umerudi." Mwenyekiti akagonga fimbo sakafuni, wenzake wakapiga makofi. Mtu akaenda kuwaambia waimbaji wabadilishe jina.

"Niwaletee wazee maji," nikasema, nikatoka.

Nilipita jikoni, nikapita mbele ya Mbiu, nikafungua mlango wa uani. Watu wawili walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha tangi la maji, mmoja ameshika kadi mpya ya chama, haijaandikwa jina.

"Tusikupotezee muda, mheshimiwa," akasema. "Uko nasi?"

Sijui nieleze vipi mnielewe. Sikuwachukia wazee wala sikumchukia mke wangu. Wale watu hata sikuwapenda. Kwa mtu aliyekufa ganzi, ndiyo ni neno jepesi kuliko hapana. Hapana utaulizwa sababu.

"Nimekubali," nikasema.

Ilikuwa sauti ile ile. Haikutetemeka wala kupungua, na kusikia hivyo kukanitisha. Nikahisi woga, woga wenyewe hasa, na nikataka kulirudisha lile neno. Yule mtu alikuwa ameshaninyooshea kadi, na mkono wangu umeshaipokea.

Nyuma yangu mlango ukalia.

"Umekubali nini, baba watoto?"